Sahihi Moja, Madaftari Matatu

Benchi, mpo?

Semeni mpo, basi! Hata wewe uliyekuja na jino, shika shavu uitikie kwa pua. Faili zenu nimeshazitoa, hizi hapa zimepangana. Daktari yuko wodi ya wazazi, kuna mwenzenu anajifungua na mtoto mwenyewe hana haraka. Kwa hiyo mimi nina mdomo, ninyi mna masikio, na nitawapa kisa kilichotokea hapahapa. Mwisho wake mtanijibu swali. Asiyejibu, faili lake linabaki kwangu.

Wanaonijua wananiita Bi Tausi wa Mapokezi. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa kwenye dirisha hili, na wanafunzi wa kila aina nimewaona. Lakini wale watatu, we acha tu.

Waliletwa na chuo kikuu, wakae nasi miezi sita. Walikuwa wanasomea saikolojia tiba, yaani kutibu watu walioelemewa na mawazo. Sindano hawachomi, vidonge hawana, kazi yao yote ni mazungumzo. Mganga mfawidhi alipowaona akakuna kichwa, "Sasa hawa niwaweke wapi?" Chumba kilichokuwa na nafasi ni namba sita tu, stoo ya vyandarua. Wakasukuma maboksi ukutani, wakaingiza viti viwili, kazi ikaanza.

Wa kwanza aliitwa Nasra, binti wa Pangani. Kipaji chake kilikuwa macho. Ukipita mbele yake umevaa kanga upande wa ndani nje, ameshaona, na pengine ameshajua asubuhi yako ilikuwaje.

Wa pili aliitwa Ngusa, kijana wa Bariadi, mrefu huyo, mlangoni lazima ainame. Kipaji chake kilikuwa miguu, na subira ya kukaa na wazee. Atatembea mpaka kwenu, mtamfukuza, na kesho atarudi na shikamoo yake ileile.

Wa tatu aliitwa Tumsifu, binti wa Machame. Kipaji chake kilikuwa kunyamaza. Msicheke! Kunyamaza ni kipaji. Mimi Mungu aliponinyima hicho ndipo akanipa dirisha.

Sasa shikeni jambo hili, maana kisa chote kinasimama juu yake. Kila mmoja alikuwa na daftari la chuo lenye jalada jekundu, na ndani kuna kurasa tano. Ukurasa mmoja, mgonjwa mmoja, aliyehudumiwa na mwanafunzi huyo tangu mwanzo hadi apate nafuu. Chini kuna mstari wa sahihi ya mgonjwa mwenyewe. Kurasa tano zikijaa, umefaulu. Ukibaki na mmoja mtupu, unarudia mwaka mzima. Na kulikuwa na amri nyingine waliyoiogopa kuliko zote: siri. Jina la mgonjwa halitamkwi, hata kwa mwenzako mnayekula naye ugali sahani moja.

Ulipoingia mwezi wa tano, kila mmoja alikuwa amejaza kurasa nne. Umebaki mmoja mmoja.

Jumatano ni kliniki ya watoto, mnaijua ilivyo. Mtoto akitundikwa kwenye mizani, sote macho yetu kwenye mshale. Nasra yeye aliwatazama akina mama. Akamwona mmoja, jina kwenye kadi Sikudhani Mrisho, amekuja na kichanga cha miezi miwili, Hemedi, ambaye uzito wake ulikuwa mdogo hata akatakiwa kuletwa kila wiki. Yule mama akamtundika mwanawe, akageukia ukutani. Mtoto akaangua kilio. Akina mama wote wakageuka, hata wasiomjua. Yeye hakugeuka. Lakini Nasra aliona kifuani pake kanga imelowa maziwa. Mwili ulikuwa umemsikia mtoto, mwenyewe hayupo.

Nasra akakimbilia fomu yake, na hapo akaboronga. Akaanza kumsomea mbele ya benchi zima: "Katika wiki mbili zilizopita, umekosa raha mara ngapi? Hata siku moja, siku chache, au karibu kila siku?" Jamani! Nani atajibu hayo jirani zake wametega masikio? "Hata siku moja," akasema mama. Kila swali, hata siku moja. Kwa mujibu wa ile fomu, hapakuwa na mwanamke mwenye raha kumzidi wilaya nzima.

Jumatano iliyofuata Nasra aliiacha fomu mezani. Alisema tu, "Dada, nipe mtoto. Nitakubebea mpaka zamu yenu ifike. Wewe kaa." Sikudhani akakaa, akaegemea ukuta, akalala usingizi dakika arobaini, mdomo wazi. Ikawa hivyo kila wiki. Jumatano ya nne, kabla hajatoa mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ndogo, "Leo nilipanga nimtundike kwenye mizani, niende zangu, nisirudi."

"Uende wapi, dada?"

"Popote ambapo mimi sipo."

Nasra hakupiga yowe, wala hakumwambia amuogope Mungu. Alimshika mkono, akamwita muuguzi wa zamu, wakakaa naye mpaka jioni. Wakapatana kwamba siku yoyote moyo ukimpeleka huko tena, asimame hapo alipo, aje moja kwa moja kwa Nasra. Na alikuja, mara mbili alikuja mbiombio na kanga moja. Kwenye ukurasa wake wa tano Nasra akaandika, "Mama S."

Haya, tumwache Nasra, twende kwa Ngusa.

Kule kwenye mashine ya kusaga kuna nyumba ya bibi mmoja, Bi Mwanjaa. Mhudumu wa afya wa mtaa alimwambia Ngusa kwamba mke wa mtoto wa Bi Mwanjaa, watu wanamwita Mama Zuhura kwa jina la mwanawe wa kwanza aliyeko shule, hapiki, hachoti maji, hajibu akisemeshwa, na ukweni wanataka kumrudisha kwao. Ngusa akavaa koti lake jeupe lililopigwa pasi, akaenda. Bi Mwanjaa alipoona koti linainama kuingia uani, alishika ufagio. "Hapa hatuchanjwi! Tulishachanjwa wote, nenda nyumba ya pili!"

Kesho yake Ngusa akaenda bila koti. Akamkuta bibi anapukuchua mbaazi. "Shikamoo, bibi." Akavuta kigoda, akavuta ungo, akapukuchua. Siku tatu alipukuchua mbaazi za watu, na ya mgonjwa hakuuliza. Mama Zuhura mwenyewe alikuwa anakaa kizingitini, na Ngusa akija na akiondoka anamsalimia, anamuuliza jambo moja dogo: leo umekula nini, leo umeoga? Siku ya nne bibi akafoka mwenyewe.

"Mwanangu kaoa gogo! Mtoto analia, yeye anatazama paa. Ijumaa hii namrudisha kwao, na watoto watabaki hapa."

Ngusa hakubisha. Akauliza tu, "Bibi, wewe ulipojifungua mara ya kwanza, nani alikusaidia?"

Mkono wa bibi ukasimama kwenye ungo. "Anisaidie nani? Miezi mitatu nilikuwa sijui kumekucha wala kumekuchwa. Mama mkwe wangu aliniita mvivu mpaka anaingia kaburini." Akapukuchua mbaazi mbili, tatu, akaziacha. "Eh, Mola wangu. Kumbe nimekuwa yeye."

Ijumaa ikafika na Mama Zuhura hakurudishwa popote. Bi Mwanjaa alijitwika ndoo ya maji mwenyewe, na mwanawe aliporudi kazini akamtupia mtoto mapajani. "Huyu ana wazazi wawili. Mbebe, hang'ati." Tangu siku hiyo Mama Zuhura alipata kula chakula cha moto na kulala mchana mtoto akiwa kwa bibi yake. Kwenye ukurasa wake wa tano Ngusa akaandika, "Mama Z."

Bado Tumsifu.

Jumatatu moja aliingia chumba namba sita mwanamke aliyejifunika mtandio mpaka kwenye nyusi. Hana mtoto, hana kadi. "Naitwa Chausiku," akasema, akakaa katikati ya maboksi ya vyandarua. Baada ya hapo, kimya. Nusu saa nzima! Mimi ningekuwa nimeshamuuliza ukoo wake wote. Tumsifu akakaa naye, kalamu chini, mikono mapajani, hatazami saa. Jumatatu ya pili, vilevile. Jumatatu ya tatu mwanamke akasema, "Simpendi mwanangu."

"Nimekusikia," akasema Tumsifu.

"Huniambii nimekufuru?"

"Nimekusikia, dada. Endelea."

Basi likatoka. Kabla ya huyu mtoto alizaa mwingine, wa kike, akafa palepale. Akazikwa hata jina hana. Watu wakamwambia asilie, atazaa mwingine. "Sasa huyo mwingine amekuja," akasema, "na kila nikitaka kumpenda, naona yule aliyekufa atajua nimemsahau."

Tumsifu akauliza, "Ungemwita nani?"

Akazungusha ncha ya mtandio kidoleni. Halafu akasema, "Mwajuma. Alizaliwa Ijumaa." Akalia. Alilia mpaka mimi hapa dirishani nikaacha kuita majina. Jumatatu iliyofuata alikuja tena, safari hii na mtoto mgongoni, na njiani alikuwa anamwimbia. Kwenye ukurasa wake wa tano Tumsifu akaandika, "Mama Ch."

Naona wajanja mmeshaanza kutazamana. Tulieni. Na mnaojiuliza nimejuaje ya ndani ya chumba, mwenye kisa mwenyewe amenipa ruhusa. Alisema, "Bi Tausi, hiki usikifungie kwenye faili."

Kila mwisho wa mwezi mwalimu wao, Dokta Lwehabura, alikuwa anakuja kutoka chuoni kuwasikiliza. Wanakaa duara, kila mmoja anaeleza kuhusu mgonjwa wake bila jina wala mtaa. Si wanatunza siri? Basi Ngusa akimsikia Tumsifu, anamshauri, "Mama yako huyo muulize ukweni wanamtendeaje." Tumsifu naye anamhurumia mama wa Ngusa, "Maskini, angalau wa kwangu ana nguvu ya kutembea mpaka hapa." Nasra anawaambia wote wawili, "Wenu wana afadhali, wa kwangu mimi nalala naye rohoni." Na Dokta anatikisa kichwa, anasema mtaa huu una akina mama wengi wenye shida.

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Kila mwanafunzi alimwalika mgonjwa wake aje saa tatu asubuhi kuaga na kuweka sahihi. Dokta alikaa pale, mnapopaona pana ndoo ya kunawia, na madaftari matatu mezani. Benchi lilijaa kama leo, na kuita jina benchini si kutoa siri, maana kila mgonjwa huitwa hivyo. Nasra akasimama kwa tabasamu lake akaita, "Sikudhani Mrisho!" Ngusa akaita, "Mama Zuhura!" Tumsifu akaita taratibu, "Dada Chausiku."

Akasimama mtu mmoja.

Akasimama na Hemedi mgongoni, mama mkwe wake nyuma na kikapu cha mbaazi. Wanafunzi wakatazamana. Nasra akasema, "Huyu ni wangu." Ngusa akasema, "Wako vipi? Nimepukuchua mbaazi za huyu mwezi mzima!" Tumsifu akasogea karibu, akamtazama usoni mara mbili.

Dokta akavua miwani. "Mama, ina maana hawa wote watatu walikuwa wanakuhudumia wewe? Mbona hukusema?"

"Kila mmoja aliniambia, hii ni siri yangu na yako," akajibu Sikudhani. "Nami nikaitunza."

Lo! Benchi lilicheka hilo, mpaka mwenye kikohozi akapaliwa. Na kweli, kosa liko wapi? Kadi ilimwita jina lake. Mtaa ulimwita kwa jina la mwanawe, kama sote tunavyoitwa. Na chumba namba sita alijiita kwa jina la bibi yake mzaa mama, asije akasemwa ameingia kwa vichaa. "Yule dada wa kliniki alikuwa anambeba mwanangu kwa mapenzi," akaeleza. "Ningemwambiaje usoni kwamba mimi simpendi? Nikatafuta mtu asiyemjua mtoto."

Kicheko kilikwisha Dokta alipofungua madaftari. Kurasa za tano za madaftari yote matatu, mgonjwa mmoja. Akatusomea mstari wa chini: "Mimi mgonjwa nathibitisha kwamba mwanafunzi huyu ndiye aliyenihudumia tangu mwanzo hadi nilipopata nafuu." Akasema, "Mgonjwa mmoja, mwanafunzi mmoja. Sahihi itakuwa moja. Zikionekana mbili za mtu mmoja, chuo kitafuta madaftari yote matatu. Na muhula umekwisha leo, hakuna siku ya kuongeza."

Msiniulize kama haikuwezekana kuzunguka. Niliuliza mimi, kwa sauti, kupitia dirishani. Haikuwezekana. Mmoja atafaulu, wawili watarudia mwaka.

Basi wakaanza, na vijana ni vijana, kila mmoja alivutia kwake.

Nasra akasema, "Mwanzo ni wangu. Nisingemwona siku ile ya mizani, leo tungekuwa tunamsimulia kwa majonzi. Mtu aliyekwishaondoka humtembelei nyumbani wala humsikilizi chumbani."

Ngusa akasema, "Ungemwona Jumatano, Alhamisi je? Siku sita za wiki anaishi kwake. Angerudishwa kwao bila mtoto. Chumba namba sita kingemsaidia nini huko?"

Tumsifu alichelewa kusema, mnamjua. Mwishowe akasema, "Mlimshika asianguke, sikatai. Lakini mzigo wenyewe alikuwa bado kaubeba. Aliutua kwangu."

Bi Mwanjaa akadakia, "Mpeni huyu mrefu! Au mnadhani mimi nilibadilika kwa vidonge?" Muuguzi wa kliniki akasema iwekwe kwa Nasra. Fundi aliyekuwa anarekebisha bomba, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema iwekwe kwa Tumsifu. Makelele yakapanda.

Na hapa, wenzangu, nina la kwangu la kukiri. Mimi nilijua. Tangu Jumatatu ya kwanza nilijua, maana mtandio unaficha nyusi lakini haufichi mwendo, na mimi watu nawajua kwa mwendo. Nilijua Chausiku ndiye Sikudhani, na nilijua Sikudhani anakaa kwa Bi Mwanjaa. Ningesema neno moja tu, wangejua mapema, wawili wangetafuta wagonjwa wengine na leo wote wamefaulu. Lakini nami nina kiapo cha faili. Na tena nawaza: ningesema, angebaki na mmoja peke yake. Macho bila miguu, au miguu bila masikio. Angepona? Sijui. Mara nyingine najilaumu, mara nyingine najipongeza. Msinitazame hivyo, swali si mimi.

Dokta akamkabidhi Sikudhani kalamu. "Mama, wewe ndiye unayejua. Chagua."

Aliishika ile kalamu. Akamtazama Nasra, akamtazama Ngusa, akamtazama Tumsifu. "Nilipokuja hapa sikujua kama nitafika mwezi ujao," akasema. "Sasa mnataka nimlipe mmoja kwa kuwaumiza wawili? Mbona hili ni zito kuliko lile mlilonitua?" Machozi yakamtoka, na wale watatu nao, hakuna aliyevutia tena kwake. Nasra akamwambia, "Dada, usilie, andika tu, yeyote."

Hemedi akaangua kilio. Sote tukageuka, ndivyo tulivyo. Nasra alikuwa ameshanyoosha mikono, Ngusa ameshainuka, Tumsifu ameshasogeza kiti. Lakini safari hii walichelewa wote. Sikudhani alikuwa ameshamshusha mgongoni, "Mama yupo, baba, mama yupo," ameshamweka kifuani, na kalamu ameiacha mezani, juu ya yale madaftari matatu yaliyofunguka.

Wale watatu walisimama wanamtazama ananyonyesha. Daftari hakuna aliyelikumbuka. Dokta peke yake ndiye aliyeangalia saa.

Haya, daktari huyo anakuja, namsikia anavua buti kule. Faili zenu nimezilalia. Mtoto ameshiba, mama anafuta machozi, anaichukua tena kalamu, na mstari ni mmoja. Kuna aliyemwona, kuna aliyemfuata mpaka kwake, kuna aliyemsikia. Wewe uliye mwanzo wa benchi, na wewe wa jino, na wewe mama wa mwisho pale ambaye tangu nianze hujacheka hata mara moja: mngekuwa ninyi ndio Sikudhani, sahihi hiyo mngeiweka kwenye daftari la nani?